Friza Iliyougua Usiku na Mafundi Waliofika Asubuhi

Mashine ikifa kabisa haina ubishi: muuzaji anaiona imekufa, fundi anaiona imekufa, na mazungumzo yanayobaki ni ya nani atalipa. Kasoro inayomtesa mtu ni ile inayokuja kwa saa zake na kuondoka kwa saa zake, kwa sababu kila anayeitwa kuitazama hufika ikiwa imeshaondoka. Friza niliyonunua kwa ajili ya duka langu dogo huku Mamboleo, Kisumu, ilikuwa na kasoro ya namna hiyo. Ilikuwa nzima kuanzia alfajiri hadi jua lilipotua, kisha ikaanza kuugua kuanzia saa moja usiku, wakati ambapo ofisi za huduma kwa wateja ama zilikuwa zimefungwa ama zilikuwa zimebaki na mtu wa kupokea simu asiye na fundi wa kumtuma.

Ninauza samaki na vitu vya baridi. Asubuhi na mapema hushuka Dunga kununua ngege (tilapia) na mbuta (sangara) kutoka kwa kina mama wanaowapokea ufuoni, kisha nikarudi kwa tuktuk kabla jua halijawa kali. Mji wetu uko kando ya ziwa na joto la mchana hufika nyuzi 30 bila shida, kwa hiyo samaki asiyewekwa kwenye barafu ana saa chache tu za kuitwa mbichi. Kabla sijawa na friza, wale waliobaki jioni niliwakaanga, au niliwapasua na kuwaanika wawe obambla, na kwa vyovyote vile faida ilipungua, kwa sababu mafuta na makaa yalikula sehemu yake. Nilinunua friza ya sanduku kwa mkopo wa chama chetu cha akiba ili niache kuuza samaki wa jioni kwa bei ya mtu anayeogopa usiku.

Mwanzoni ilifanya kazi vizuri. Baadaye nilianza kuona kwamba pakiti za juu zilikuwa laini nilipofungua duka asubuhi, na barafu niliyowauzia vijana wa juisi ilikuwa imeshikana kuwa donge moja, jambo ambalo hutokea barafu inapoyeyuka kidogo na kuganda tena. Usiku mmoja, baada ya kufunga hesabu, niliamua kukaa karibu nayo nikasikiliza. Kompresa, ile pampu inayoendesha baridi ya friza, ilijaribu kuwaka: mngurumo mfupi wa sekunde chache, kisha mlio wa "tik", kisha kimya. Baada ya dakika kadhaa ulikuja mngurumo tena, "tik" tena, na kimya tena. Wakati huo taa ya dukani ilikuwa imefifia, kama inavyofifia jioni nyingi mtaani kwetu nyumba zote zinapowasha taa, runinga, pasi na koili za kupikia kwa wakati mmoja kwenye transfoma ileile. Kwenye uso wa friza, kioo kidogo cha namba kiliendelea kuonyesha hasi 18 kwa mwanga wa buluu, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kioo hicho kilinisumbua kuliko kompresa yenyewe. Nilipopiga simu ya huduma kwa wateja, nikabonyeza namba nilizoambiwa nibonyeze na kusikiliza wimbo wao hadi salio likaanza kunitia wasiwasi, kijana aliyepokea alinisalimu kwa adabu sana, akaniomba namba ya mashine, akaniuliza swali moja.

"Madam, kioo kinaonyesha ngapi?"

"Kinaonyesha hasi 18, lakini samaki ni laini."

"Ikiwa kinaonyesha hasi 18, basi friza yako iko sawa. Hakikisha tu mlango unafungwa vizuri."

Nilimweleza habari ya mngurumo na ule mlio. Akaniambia kwa sauti ileile ya upole kwamba pengine ni joto la Kisumu. Jibu hilo lingemtosha mtu ambaye hajawahi kusoma kibandiko kilicho nyuma ya friza yake, na ninakisia kwamba watu wengi hawajawahi. Kibandiko hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha mashine: kinataja volti inazohitaji, aina ya gesi iliyomo na uzito wake kwa gramu, na herufi inayoonyesha hali ya hewa ambayo mashine iliundwa kuihimili. N ni kwa joto la hadi nyuzi 32, ST ni hadi 38, na T ni hadi 43. Yangu imeandikwa T. Kisumu haijawahi kunipa mchana wa nyuzi 43, na kwa vyovyote friza ilikuwa ikiugua usiku, joto la mchana likiwa limepungua.

Habari ya kioo niliipata katika kijitabu kilichokuja na friza, kwa maandishi madogo kabisa. Namba ile haikuwa joto lililopimwa ndani. Ilikuwa namba niliyochagua mwenyewe siku ya kwanza, na ingeendelea kuonekana hivyo hata kama ndani pangekuwa pamechemka, mradi tu umeme upo. Kwa maneno mengine, swali la kwanza na la pekee ambalo kitengo kizima kilitegemea kuamua kama mashine ni nzima halikuweza kujibiwa na kitu kilichoulizwa. Kuanzia hapo nilitumia kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia bila kununua kitu: ganda maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, urudishe kikombe ndani. Ukikuta asubuhi sarafu iko juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta imezama katikati au chini kisha maji yakaganda juu yake, baridi ilipotea usiku hata kama sasa kila kitu ni kigumu. Sarafu yangu ya shilingi 10 ilizama mara nyingi.

Fundi wa kampuni alikuja baada ya simu nyingi, na alikuja saa nne asubuhi. Alikuwa kijana mwenye heshima, akanipa shikamoo ingawa sijazeeka kiasi hicho, akatoa mita yake na kupima soketi: volti 236. Friza ilikuwa ikinguruma kwa utulivu. Akaweka kiganja ukutani mwa ndani, akasema ni baridi kama inavyotakiwa. Nilimwonyesha kikombe chenye sarafu iliyozama. Alikitazama kwa udadisi, akatabasamu, na kuniambia kwamba friza iliyofungwa hukaa na baridi yake hata saa 48 stima ikipotea, kwa hiyo saa chache za jioni haziwezi kuharibu kitu. Hilo la saa 48 ni kweli, lakini ni kweli kwa friza iliyojaa vitu vilivyokwisha kuganda na ambayo haifunguliwi. Ikiwa imejaa nusu, muda huo hupungua hadi kama saa 24. Friza ya duka hufunguliwa kila mteja anapotaka maziwa lala, na hupokea samaki wenye joto la mchana saa ileile ambayo yangu ilikuwa imelala. Aliandika kwenye karatasi yake "hakuna kasoro", nikatia sahihi kwamba alifika, akaondoka na boda boda aliyemngoja.

Jioni hiyohiyo nilipokea ujumbe kwamba tatizo langu limetatuliwa na kwamba nitoe alama kati ya 1 na 5.

Nilipopiga tena, niligundua jambo ambalo lilibadilisha namna nilivyouelewa mchezo mzima. Karatasi ya fundi ilikuwa imefunga faili yangu. Simu mpya ilifungua faili mpya, yenye namba mpya, na aliyepokea hakuona chochote nilichomweleza mwenzake, ila maneno mawili ya fundi. Nilianza upya na jina langu, namba ya mashine, tarehe ya kununua, na swali lilelile la kioo. Vituo vya simu kwa kawaida hupimwa kwa urefu wa mazungumzo na kwa idadi ya faili zilizofungwa, na mfanyakazi anayekaa na mteja mmoja kwa muda mrefu huonekana mzembe kwenye hesabu za msimamizi wake. Kwa hiyo sikuwakasirikia vijana wale. Wengi walikuwa na subira kuliko mimi. Ila sauti niliyokuwa nikizungumza nayo haikuwa na mkono: ilikuwa imepewa maneno ya kuniambia na haikupewa bisibisi, wala namba ya simu ya mwenye bisibisi.

Ndipo danadana ilipoanza. Duka lililoniuzia, lililoko katikati ya mji, lilikuwa na lile tangazo linalojulikana Kenya nzima, kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, limebandikwa juu ya kichwa cha mpokea pesa. Meneja aliniambia kwamba wao ni wauzaji tu na kwamba waranti ni ya kampuni. Kampuni ikasema kwamba waranti haihusu uharibifu unaotokana na kubadilika kwa umeme, na kwamba maelezo yangu mwenyewe kuhusu taa kufifia yanaonyesha kuwa tatizo ni umeme. Watu wa umeme walikuja, nao pia asubuhi, wakapima kwenye mita, wakaridhika, na kusema kwamba pengine ni nyaya za ndani ya duka. Fundi wa nyaya alikagua kila kiungo, akakaza skrubu moja ya soketi iliyokuwa imelegea kidogo, akaniambia nirudi kwa walioniuzia. Nilikuwa nimeuzunguka mji na kurudi mlangoni pale pale, na kila mmoja alikuwa amesema jambo lisilo la uongo.

Katika kipindi hicho washauri hawakukosekana. Fundi mmoja wa mtaani, mzuri kwa friji za zamani, aliniambia kwamba gesi imepungua na kwamba angeiongeza kwa bei ya jirani. Nilikataa kwa sababu mbili. Kwanza, mfumo wa friza umefungwa na hauli gesi kama gari linavyokula petroli. Gesi ikipungua, kuna tundu, na kuongeza bila kuziba tundu ni kulipa ili ulipe tena. Pili, kibandiko changu kinataja R600a, gesi inayoshika moto na ambayo huwekwa kidogo sana kwa kupimwa kwa gramu, ilhali mkebe aliokuwa nao mkononi uliandikwa R134a. Gesi hizo mbili hazibadilishani. Nadhani hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mkebe mmoja tu.

Mwingine alinishauri ninunue kile kifaa cha kulinda friji, ambacho huchomekwa kati ya soketi na friza. Ni kifaa cha maana, na sasa ninacho, lakini wanaokiuza hukichanganya na stebilaiza. Kilinzi hakiongezi umeme hata kidogo. Kazi yake ni kuukata unaposhuka au kupanda kupita kiasi, kisha kungoja dakika chache kabla ya kuurudisha, ili shinikizo ndani ya kompresa lipate kusawazika. Stebilaiza ndiyo inayojaribu kuinua volti zilizoshuka, nayo ni nzito na ya bei ya juu zaidi. Kama ningeweka kilinzi wakati ule, friza ingezimwa jioni nzima, ule mlio wa "tik" ungetoweka, nami ningepoteza dalili pekee niliyokuwa nayo.

Kilichofungua fundo hili kilikuwa friza ya jirani yangu mwenye bucha. Yake ni ya zamani kuliko yangu, imebanduka rangi, na inatumia waya uleule wa umeme unaoingia kwenye vyumba vyetu viwili. Nilimuuliza kama nyama yake hulainika usiku. "Hapana, dada," akasema, "hii yangu hunguruma hata taa ikiwa nyekundu." Basi nilinunua mita ndogo ya kuchomeka ukutani inayoonyesha volti, ya bei ambayo haizidi ya kilo moja ya samaki wazuri, nikaanza kuandika kwenye daftari la hesabu. Kila jioni niliandika saa, volti kwenye soketi yangu, volti kwa jirani, kama kompresa yangu imewaka au imeshindwa, na kama yake imewaka. Mpangilio ulijitokeza upesi. Mchana soketi zote mbili zilikuwa juu ya 230. Kuanzia saa moja usiku zilishuka hadi kati ya 205 na 212, kisha zikapanda tena watu walipolala. Katika volti zilezile, saa ileile, friza ya bucha iliwaka na yangu ilishindwa.

Sitaki kusema kwamba umeme wetu wa jioni ulikuwa mzuri. Volti za kawaida za nchi hii ni 240, na kibandiko changu kinataja 220 hadi 240, kwa hiyo 205 ni chini. Lakini daftari lilinipa tofauti ambayo hakuna aliyeitafuta: umeme ulikuwa dhaifu kwetu sote wawili, na mashine moja tu ndiyo iliyoanguka. Neno "umeme" halikuweza tena kutumika kama jibu kamili.

Pia nilirekodi video fupi. Niliweka simu mahali inapoonekana mita ya ukutani, saa ya ukutani na kioo cha friza kwa pamoja, nikaiacha irekodi hadi mngurumo na "tik" vikasikika mara mbili, kisha nikatembea bila kukata video hadi kwa jirani, nikaonyesha mita yake na sauti ya kompresa yake. Kutokata video kulikuwa na maana. Vipande viwili vilivyounganishwa vingeweza kuambiwa ni vya siku mbili tofauti, na nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba kila nafasi ya kufunga faili hutumiwa.

Jambo nililolifikiria kwa muda mrefu zaidi lilikuwa namna ya kuandika. Barua pepe zangu za kwanza zilikuwa ndefu na zilieleza mateso: samaki walioharibika, mkopo wa chama, ahadi za kupigiwa simu ndani ya saa 24 ambazo hazikutimizwa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililoweza kushikwa na fundi. Niliona kwamba malalamiko yangu yangesafiri bila mimi. Yangepokelewa na mtu asiyejua friza, ambaye kazi yake ni kuyapeleka mbele au kuyafunga, na yangefika kwa anayejua ikiwa tu yule wa kwanza angeweza kuyapeleka bila kulazimika kuyaelewa. Kwa hiyo niliandika aya moja. Nilitaja namba ya mashine na tarehe ya risiti. Nilisema kwamba kompresa hushindwa kuwaka kila jioni kati ya saa moja na saa nne usiku volti zikiwa 205 hadi 212, kwamba husikika mngurumo kisha mlio mmoja, kwamba friza nyingine kwenye waya huohuo huwaka kwa volti hizohizo, na kwamba fundi aliyekuja asubuhi alipima volti 236. Niliambatanisha video na picha za kurasa za daftari, nikataja namba zote za faili zilizofungwa, na nikamaliza kwa ombi moja: fundi aje kati ya saa moja na saa mbili usiku. Sikuweka neno la hasira hata moja, na nakiri kwamba hilo lilinichosha kuliko kupima volti.

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakujitambulisha kama huduma kwa wateja. Hakunishukuru kwa kuwa mteja mpendwa. Aliuliza: "Baada ya mlio huo, inachukua dakika ngapi kabla ya kujaribu tena?" Nilipolisoma swali lile nilijua kwamba hatimaye nimempata mwenye bisibisi, kwa sababu lilikuwa swali la mtu anayejua ni kitu gani ndani ya mashine kinachotoa sauti ile. Nilijibu. Akaniambia kwamba dalili hizo zinaelekeza kwenye kifaa cha kuwashia.

Baadaye fundi alinieleza kazi yake, nami nitaieleza kama nilivyoielewa. Mota ya kompresa ya aina ya kwangu haiwezi kuanza kuzunguka kwa nguvu yake yenyewe. Ubavuni mwake kuna rilei ndogo ambayo huipa msukumo wa ziada kwa muda mfupi sana, kisha hujitoa. Kando yake kuna kinga ya joto, ambayo hukata umeme mota ikishindwa kuzunguka na kuanza kupata moto. Huo ndio mlio niliokuwa nikiusikia. Kinga ikipoa, inarudisha umeme, na jaribio linaanza upya. Rilei iliyochoka inaweza bado kuiamsha mota mchana, volti zikiwa nyingi, na ikashindwa jioni zinaposhuka. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na ukweli kidogo iliposema umeme, nami nilikuwa na ukweli niliposema mashine. Umeme dhaifu ulikuwa ukifichua rilei mbovu ambayo umeme wenye nguvu ulikuwa ukiificha, na kila fundi wa asubuhi alikuwa akifika wakati wa kufichwa.

Kijana yuleyule wa saa nne asubuhi ndiye aliyetumwa jioni. Alisimama dukani akiwa na mita yake, taa ikafifia, akasikia mwenyewe, akaniambia, "Mama, sasa nimeisikia." Alichomoa friza, akafungua kifuniko kidogo karibu na kompresa, akatoa rilei na ile kinga, vitu viwili vinavyoenea kwenye kiganja, akaweka vipya. Aliporudisha waya ukutani mita ilisoma 207, na kompresa ikawaka kwa jaribio la kwanza. Kazi yote haikuchukua muda wa kupika ugali. Nilimuuliza kwa nini hakuandika habari ya sarafu mara ya kwanza, akajibu bila kujitetea kwamba fomu yake ina nafasi ya volti, joto na sauti, na haina nafasi ya mambo ambayo mteja anasema hutokea wakati mwingine.

Palibaki suala la pesa, na hapo nitaharakisha, kwa kuwa halikuwa na utamu wowote. Kampuni ilikuwa imebandika kwenye friza kibandiko kikubwa cha waranti ya miaka 10, na mwanzoni walijaribu kunitoza rilei kwa hoja kwamba miaka 10 ni ya kompresa pekee, na rilei si kompresa. Hoja hiyo ni sahihi kwa maandishi yao. Lakini friza yenyewe ilikuwa bado ndani ya mwaka wa kwanza, ambao hufunika sehemu zote, nikawaonyesha risiti, wakaacha.

Kuhusu samaki walioharibika walisema kwamba waranti ni ya mashine, haihusu vilivyomo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na pia haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa, na karatasi ya waranti ya kampuni yoyote haiko juu ya Katiba. Nililitaja hilo katika barua yangu. Nilitaja vilevile Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hukubali mtu ajisemee bila wakili, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Lugha ya majibu yao ilibadilika baada ya barua hiyo, na aliyeandika sasa alikuwa na cheo.

Nilipokaa kuhesabu ushahidi wangu, hata hivyo, niliona upande wa samaki ulikuwa dhaifu kuliko upande wa volti. Ufuoni hakuna anayekupa risiti. Nina ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha kwamba nilimlipa mama fulani kiasi fulani saa kumi na mbili asubuhi, lakini ujumbe huo hausemi kwamba ni ngege, wala kilo ngapi, wala wangapi kati yao walifika friza na wangapi waliuzwa mchana. Wengine waliolainika niliwakaanga kabla hawajaharibika, nikauza, na hasara yao ilikuwa tofauti ya bei tu. Mahakamani ningekuwa nikidai kitu nilichojua lakini nisichoweza kukionyesha kwa kiasi kamili, na kila siku ya mahakama ingekuwa siku ya duka kufungwa.

Kwa hiyo walipopendekeza kuniongezea mwaka mmoja wa waranti kwa sehemu zote badala ya pesa, nilikubali kwa sharti moja, nalo lilichukua barua nyingi kuliko fidia yenyewe. Nilitaka yale maneno "kubadilika kwa umeme" yatoke. Maneno hayo hayana mwanzo wala mwisho. Yanaweza kumaanisha radi, na yanaweza kumaanisha taa iliyofifia kidogo jirani anapopiga pasi. Niliwaomba waandike volti. Mwanasheria wao hakupenda, yule mtu wa swali la dakika aliona ni jambo la kawaida kabisa, na mwishowe nyongeza ikaandikwa kwamba waranti inasimama umeme ukiwa kati ya volti 200 na 250. Mita yangu bado iko ukutani. Jioni nyingi husoma juu ya 200 kidogo, na ikishuka chini ya hapo kilinzi hukata chenyewe, nami naandika saa.